Pambo la Maneno na Uzito wa Hoja

Katika Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, iko kata iitwayo Qurus. Jina lake huanza kwa herufi isiyomo katika alfabeti ya Kiswahili, na sauti ya herufi hiyo hutoka nyuma kabisa ya ulimi, mahali ambapo msemaji wa Kiswahili hakuzoea kutafuta sauti. Hiyo ni alama ndogo ya jambo kubwa. Wakazi wengi wa nchi hiyo ni Wairaqw, na lugha yao ni ya jamaa ya Kikushi, isiyo na undugu na lugha za Kibantu. Jirani zao ni Wadatoga wafugaji, na Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, na, ng'ambo ya msitu wa nyanda za juu, Wamasai wa Ngorongoro. Watu hawa wakutanapo sokoni, au katika mkutano wa kijiji, au mbele ya mkuu wa wilaya, husemezana kwa Kiswahili. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili, na kwa baadhi ni ya tatu. Hivyo haki ya mtu huko hupita katika mlango wa lugha ambayo hakubembelezewa utotoni.

Hali hiyo yazaa swali ambalo hapana budi kila mtu wa elimu alijibu. Je, msemaji bora ndiye mwenye haki? Na yule ambaye neno lake halina pambo, wala hoja yake haina mpango, ahesabiwe kuwa ameshindwa? Wanafunzi wamezoea kujifunza tashbihi na sitiari kama watu wahesabuo maua ya bustani. Huulizwa wataje tamathali tano za usemi, wakazitaja, wakapata alama zao, wakasahau. Lakini tamathali hizo hizo, zikiondoka darasani na kuingia barazani, huweza kumpa mtu shamba au kumnyang'anya. Kwa hiyo kuzijua ni sehemu ya maadili kama ilivyo sehemu ya fasihi.

Neno balagha limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kufikia au kufikisha. Ndugu yake katika Kiswahili ni neno baleghe, ambalo hutumika kwa kijana aliyefikia utu uzima. Balagha, basi, ni elimu ya kulifikisha neno moyoni mwa msikilizaji. Vyombo vyake ni vingi, na vilivyo vikuu vyafaa kutajwa kwa mifano ya nchi inayozungumzwa. Asemaye kuwa shamba la kiangazi liko kama ngozi iliyoanikwa ametumia tashbihi, maana amelinganisha vitu viwili waziwazi. Asemaye kuwa shamba ni ngozi iliyoanikwa, pasipo neno la kulinganisha, ametumia sitiari. Akisema kuwa mvua ya masika yacheza ngoma juu ya mabati, ameipa mvua matendo ya mtu, na hiyo ni tashihisi. Akisema kuwa Karatu imekataa, ilhali waliokataa ni watu wachache katika mkutano mmoja, ametumia majazi, kwa kutaja mahali badala ya watu. Akisema kuwa mzee ametutoka, badala ya kusema kuwa amekufa, ametumia tafsida. Akisema kuwa mahindi ya mwaka huu yamegusa mawingu, amepiga chuku. Akimsifu mvivu kwa bidii yake, na wote wakajua kinyume chake, hicho ni kinaya. Tena kuna takriri, yaani kurudia neno ili likae. Kuna tanakuzi, yaani kukabilisha mambo mawili yapinganayo. Na kuna swali la balagha, ambalo huulizwa pasipo kungojewa jibu.

Hakuna hata kimoja katika vyombo hivi kilicho kiovu kwa asili yake. Wairaqw wenyewe wana ushahidi mwema wa jambo hili katika slufay, sala ya kishairi inenwayo katika mikusanyiko yao. Mzee mmoja huongoza, na waliohudhuria humwitikia kwa pamoja. Ndani yake huombwa amani, na afya, na mvua, na mavuno, na maneno hupangwa kwa takriri na kwa mifano iliyorithiwa. Ufasaha wa namna hii haumdanganyi mtu, kwa sababu haudai kuthibitisha neno. Kazi yake ni kukusanya mioyo ya watu walio wengi ikawa kama moyo mmoja, na kazi hiyo haifanyiki kwa hesabu. Walakini ikitokea kwamba mtu atumie mwitikio wa namna hiyo kupitisha shauri la mpaka wa shamba, ufasaha utakuwa umetolewa mahali pake na kupewa kazi isiyo yake. Kuitikia sala ni jambo moja, na kukubali hoja ni jambo jingine.

Hoja ina sehemu zake. Kuna dai, ambalo msemaji ataka likubaliwe. Kuna ushahidi, ambao autoa ili kulitegemeza dai. Na kuna kiungo, ambacho huonyesha jinsi ushahidi ule unavyolihusu dai lile. Kosa la mantiki aghalabu hukaa katika kiungo. Dai laweza kuonekana jema, na ushahidi ukawa wa kweli, lakini kimoja kisiwe na uhusiano na kingine. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliyahesabu makosa haya akapata namna kumi na tatu: sita zatokana na lugha yenyewe, na saba ziko nje ya lugha. Waliokuja baada yake wameongeza nyingine nyingi. Lakini mwenye kuzitazama kwa makini ataona jambo lisilotajwa mara nyingi mashuleni, nalo ni kwamba makosa mengi ya hoja ni vivuli vya tamathali za usemi. Kila pambo lina kosa lake linalolifuata kama kivuli kimfuatavyo mtu, na kosa huzaliwa pale pambo linapoketi katika kiti cha ushahidi.

Kivuli cha tashbihi ni ulinganisho wa uwongo. Mtu husema kuwa kijiji ni kama mwili na mwenyekiti ni kama kichwa. Kisha husema kuwa mkono haubishani na kichwa, basi mwanakijiji asibishane na mwenyekiti. Tashbihi ile ilikuwa nzuri hadi hapo ilipoombwa kubeba mzigo usioiweza, kwa maana mkono hauna akili yake wala hauli njaa yake peke yake. Kivuli cha majazi ni kuhukumu wengi kwa tendo la wachache: mfugaji mmoja amelisha ng'ombe katika mbaazi za mtu, na kabla ya jua kutua kabila lake zima limekuwa lafisha mazao. Kivuli cha tanakuzi ni uchaguzi wa uwongo, ambao huweka njia mbili mbele ya watu na kuificha ya tatu. Kivuli cha chuku ni hofu ya mteremko, ambayo husema kuwa hatua moja ikikubaliwa, hapana shaka itafuata ya pili na ya kumi mpaka maangamizi, bila kuonyesha kwa nini watu wasiweze kusimama katika hatua ya pili. Kivuli cha takriri ni kudhani kwamba neno lililosemwa mara mia limethibitishwa mara mia. Na kivuli cha kinaya na kejeli ni kumshambulia msemaji na kuiacha hoja yake imesimama pale pale, haikuguswa.

Methali nazo zastahili kutazamwa hapa, kwa kuwa katika mabaraza ya Kiswahili methali hupokewa kama shahidi mzee asiyeulizwa maswali. Mmoja husema, haraka haraka haina baraka, na mkutano ukatikisa vichwa. Mwingine husimama akasema, ngoja ngoja huumiza matumbo, na vichwa vile vile vikatikisika. Kama methali ingekuwa uthibitisho, mkutano ungekuwa umethibitisha mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ukweli ni kwamba methali ni hazina ya maarifa ya waliopita, lakini haijui ni lipi kati ya mambo mawili lililo mbele ya watu leo. Kulijua hilo ni kazi ya walio hai.

Mambo haya yangekuwa mchezo wa akili tu kama hakungekuwa na watu wanaoishi chini ya matokeo yake. Mfano ulio karibu na Qurus kuliko yote ni ule wa Ngorongoro. Mwaka 1959 Serengeti ya zamani iligawanywa. Upande wa magharibi ukawa Hifadhi ya Taifa isiyo na makazi ya wafugaji, na upande wa mashariki ukawa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambako iliamuliwa kwamba ulinzi wa wanyama wa porini na maisha ya wafugaji viende pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, na kikakatazwa tena mwaka 2009. Mwaka 1979 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwezi Juni 2022 kulianza kuhamishwa kwa kaya kutoka huko kwenda Msomera, katika Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Serikali ilisema kuwa uhamaji huo ni wa hiari. Wakazi wengi walilikana neno hilo. Mwezi Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wa Wamasai mjini Arusha, akaahidi kuunda tume mbili za kuchunguza mambo ya ardhi na ya uhamaji huo.

Haifai insha kama hii kutoa hukumu katika shauri lenye mambo mengi namna hiyo. Inafaa kutazama silaha za maneno zilizotumika, na kuona kwamba ziko katika mikono ya pande zote. Neno lililorudiwa kuliko yote ni kwamba Taifa lachagua kati ya watu na wanyama. Hiyo ni tanakuzi tamu kusikia, na wapo waliopenda wanyama walioitumia, na wapo waliopenda watu walioitumia pia. Lakini sheria ya mwaka 1959 yenyewe ilijengwa juu ya njia ya tatu. Yawezekana kusema kuwa njia hiyo imeshindwa, na yawezekana kusema kuwa haikupewa nafasi ya kutosha. Lakini kusema kuwa haikuwako kamwe ni kuficha sehemu ya shauri.

Kadhalika idadi. Imesemwa mara nyingi kwamba wakazi walikuwa wapatao 8,000 mwaka 1959, na kwamba wamezidi 100,000 katika miaka yetu. Tarakimu ni shahidi mzuri, lakini hujibu swali aliloulizwa tu. Idadi huonyesha kwamba watu wameongezeka. Haionyeshi kwa nguvu zake yenyewe ni malisho yapi yaliyoharibika, wala ni kwa sababu ya nani, wala kama watalii na magari yao wamo katika hesabu ya mzigo huo. Kiungo hicho chahitaji ushahidi wake. Kwa upande wa pili, imesemwa kwamba Wamasai wameishi na wanyama hawa tangu zamani bila kuwaangamiza, na kwa hiyo wataishi nao hivyo daima. Nusu ya kwanza ya neno hilo ina uzito mkubwa. Nusu ya pili haitokani na ya kwanza, kwa maana mambo ya jana hayawi dhamana ya kesho iwapo idadi ya watu, njia za kuishi na hali ya mvua vimebadilika.

Sitiari nazo zimefanya kazi kubwa katika shauri hili. Nchi ya Ngorongoro na Serengeti imeitwa mara nyingi Bustani ya Edeni. Neno hilo laonekana kuwa sifa tupu, lakini lina hoja iliyojificha ndani yake, yaani kwamba mahali pazuri ni mahali pasipo watu. Anayelitumia husahau kwamba katika kisa chenyewe mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kufukuzwa kulikuja baadaye, nako kulikuwa adhabu ya kosa. Upande wa pili umesema kuwa ardhi ni mama, na kwamba mama hatolewi kwa mtu. Sitiari hiyo ina joto la kweli, na hakuna mwenye moyo awezaye kuicheka. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mahakama haiwezi kupima mpaka kwa upendo wa mtoto kwa mama yake. Na neno hiari? Likiwa mtu angeweza kukataa na kubaki na huduma zake zote, basi ni neno la kweli. Likiwa hangeweza, basi limekuwa tafsida. Kamusi haiwezi kuamua ni lipi. Huamuliwa kwa kwenda kuuliza, nyumba kwa nyumba, juu ya shule, zahanati na maji.

Mwisho wake, pande zote mbili zimeonja uchungu wa shambulio juu ya mtu. Aliyepinga uhamaji ameambiwa kuwa ametumwa na wageni. Aliyeuunga mkono ameambiwa kuwa ametumwa na wenye fedha za utalii. Hata kama neno moja kati ya hayo lingekuwa kweli, hoja ya mtu aliyetumwa yaweza kuwa sahihi, na hoja ya mtu asiyetumwa yaweza kuwa potofu. Ugonjwa wa mjumbe si ushahidi juu ya barua aliyoibeba.

Hatari ya kusahau mambo haya imeonyeshwa kwa namna ya kutisha katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili na ikachapishwa mwaka 1963. Baada ya Kaizari kuuawa, Bruto asema na watu wa Rumi kwa hoja fupi na kavu, nao wakubali. Kisha Antonio asema nao kwa takriri na kinaya, akimwita Bruto mtu wa heshima mara baada ya mara, mpaka heshima yenyewe ikageuka kuwa tusi. Awaonyesha vazi lenye damu, awatajia wosia, na watu wale wale wakimbia kuchoma nyumba. Njiani wamkuta Cinna, mshairi asiyehusika, ambaye jina lake ni sawa na la mmoja wa waliomwua Kaizari. Ajitetea kuwa yeye ni mshairi tu. Haimsaidii, auawa kwa sababu ya jina. Aristotle aliliweka kosa la neno moja lenye maana mbili katika orodha yake, na wanafunzi hulisoma kama jambo dogo la kamusi. Cinna alikufa kwa kosa hilo.

Baada ya kuona hatari hiyo, wako watakaosema kuwa heri ufasaha ukatazwe, na watu waseme kwa hesabu na tarakimu tu. Shauri hilo laonekana la busara, lakini lingeleta dhuluma mpya. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, alimweka Karama kizimbani mbele ya mfalme, akishtakiwa na Majivuno kwa sababu ya kufundisha uanasheria. Karama hakujitetea kwa tarakimu. Alijitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa mbali kwa faida ya nchi, wakarudi na hekima, wakatupwa gerezani. Visa ni balagha kama mashtaka yalivyokuwa balagha. Tofauti ni kwamba visa vya Karama vingeweza kupimwa, kwa kuwa wajumbe wale walikuwa hai gerezani, na mfalme angeweza kuwafungulia. Pambo lake lilielekeza kidole mahali ambapo ushahidi ulikuwako. Hicho ndicho kipimo kinachotafutwa. Ufasaha mwema humwongoza msikilizaji hadi mlangoni pa ukweli na kumwacha aingie mwenyewe. Ufasaha mbaya humzuia njiani ili asifike. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hawakusema kuwa kila kilicho kizuri ni mkakasi.

Sasa lirudi swali la kwanza. Mtu anayejua majina ya makosa yote ya hoja aweza kushikwa na kosa lililo zito kuliko yote hayo, nalo ni kudhani kuwa dai limekuwa la uwongo kwa sababu limetetewa vibaya. Mfugaji asimamaye mkutanoni akasema kwa Kiswahili cha kukwama kuwa kisima ni chao kwa sababu babu yake alikuwa mtu mwema hajathibitisha neno. Wema wa babu si hati ya kisima. Lakini kisima chaweza kuwa chao. Mkulima wa Qurus asemaye kuwa tembo wote ni adui kwa sababu mmoja alikanyaga mahindi yake amehukumu wengi kwa mmoja. Lakini mahindi yake yamekanyagwa kweli, na watoto wake watalala njaa kweli. Aliyesoma, akisimama na kutaja jina la kosa, kisha akaketi kwa fahari, ameshinda mjadala na kupoteza haki. Elimu yake ilimpasa kufanya kazi ya pili: kumwuliza mwenzake kwa upole, shahidi wa kisima ni nani, na alichimba lini, na nani alikuwapo, yaani kumsaidia kuitafuta hoja njema ambayo haki yake yastahili, hata kama hoja hiyo itamshinda yeye mwenyewe.

Kwa hiyo haki haimfuati msemaji bora, wala haimfuati mkosoaji bora. Maarifa ya balagha na mantiki ni kama jembe katika udongo wa Karatu: mwenye kulima kwa kufuata kinga ya mteremko huuhifadhi udongo, na mwenye kulima kwa pupa huupeleka bondeni na mvua ya kwanza, na jembe ni lile lile. Asemaye yampasa aondoe mapambo ya neno lake usiku kabla ya mkutano, atazame kama kumebaki kitu. Kisha ayarudishe, kama kitu kimebaki. Asikilizaye yampasa afurahie pambo, lakini asilipe gharama kwa pambo. Na aliyesoma yampasa kuanza kutafuta makosa katika maneno ya upande anaoupenda, maana ya upande asioupenda atayaona bila kufundishwa. Wakifanya hivyo, mtu wa Qurus ambaye jina la kata yake huanza kwa herufi isiyokuwamo katika alfabeti ataweza kusimama na Kiswahili chake alichonacho, akasikilizwa mpaka mwisho, na shauri lake likapimwa kwa uzito wake.